Saa za Kusubiri Picha ya Pili

Kipimo cha moyo kwa thaliamu, dawa ya mionzi, kilikula siku nzima. Mgonjwa alifika asubuhi na tumbo tupu, akabandikwa nyaya za ECG kifuani, akapandishwa kwenye tredimili. Kila dakika tatu mashine iliongeza mwendo na mwinuko. Pumzi zilipomwishia, au kifua kilipoanza kumbana, tulimdunga thaliamu kwenye mshipa wa mkono na kumsihi atembee dakika moja zaidi, ili dawa isambae moyo ukiwa bado umo kazini. Kisha alilazwa chini ya kamera ya gama akapigwa picha kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kwa mshazari upande wa kushoto. Baada ya hapo aliambiwa akae asubiri. Saa tatu, aghalabu nne, ndipo arudi kwa picha ya pili.

Niliingia katika tiba ya nyuklia miaka ya 1980, katika hospitali ya mji mmoja wa bandari mashariki mwa Marekani, baada ya masomo yaliyonitoa Tanga na kunizungusha kwingi. Nimeona kamera zikibadilika, dawa zikibadilika, na picha zikiwa safi kiasi ambacho walimu wangu wasingekisadiki. Nashukuru kwa hayo yote. Hata hivyo kuna kitu ninachokililia mpaka leo, nacho ni zile saa nne za katikati.

Kusubiri kulikuwa na sababu yake. Thaliamu huingia ndani ya seli za misuli ya moyo karibu sawa na potasiamu, ikiifuata damu. Mahali ambapo mshipa umebana, damu haitoshi moyo ukiwa mbioni, basi thaliamu inayofika huwa kidogo na picha huonyesha kiza. Lakini dawa hii haitulii palepale. Huendelea kutoka na kuingia, na baada ya saa kadhaa sehemu iliyo hai hujaa taratibu hadi ilingane na nyingine. Kiza kilichofutika kilituambia kwamba misuli iko hai ila ina kiu ya damu. Kiza kilichobakia tulikiita kovu la mshtuko wa moyo wa zamani, ingawa mwaka 1990 Vasken Dilsizian na wenzake walitufundisha kwamba baadhi ya hayo tuliyoyaita makovu ni misuli hai pia. Ukimwongezea mgonjwa dozi ndogo ya pili, pale mahali panajaa.

Walioifungua njia hii walikuwa madaktari vijana. Barry Zaret na William Strauss walikutana Johns Hopkins, Baltimore, mmoja akisomea moyo na mwingine tiba ya nyuklia. Wakati huo, ili ujue moyo unasukuma damu kwa nguvu gani, ilibidi upitishe mrija ndani ya mishipa mpaka moyoni. Mwaka 1971, pamoja na Bertram Pitt na wengine, walitoa njia nyingine: waliiunganisha albumini na teknetiamu, wakaidunga kwenye damu, wakaiacha ECG iiamuru kamera. Piga moyo ukiwa umejaa. Piga ukiwa umejikamua. Mapigo ya dakika kadhaa yalirundikwa katika picha mbili, na tofauti ya picha hizo ikatoa jibu bila kumtia mtu mrija.

Zilikuwa siku za Vita vya Vietnam, na daktari kijana wa Marekani hakukwepa jeshi kwa urahisi. Wote wawili walijikuta katika kituo cha Jeshi la Anga cha Travis, California, na huko wakaendelea na utafiti. Mwaka 1973 walichapisha kazi waliyoifanya kwa potasiamu ya mionzi, ile ya namba 43. Wagonjwa walipigwa picha wakiwa wamepumzika, wakiwa katika mazoezi, na maumivu ya kifua yakiwa yamewashika. Hilo la tatu ndilo linalonigusa kila ninapoisoma upya makala ile. Huwezi kumdunga mtu sindano maumivu yakiwa yamemshika kama wewe mwenyewe hupo chumbani, ukimtazama uso.

Potasiamu ile ilikuwa na miale mikali mno kwa kamera za wakati huo, na wanasayansi wa Brookhaven, jimbo la New York, ndio waliotutayarishia thaliamu ya namba 201 katikati ya miaka ya 1970. Wagonjwa waliowahi kuisikia thaliamu waliifahamu kama sumu ya panya, nasi tulilazimika kuwaeleza kwamba kiasi cha kipimo ni kidogo mno, hakina madhara ya sumu. Maelezo hayo yalikuwa mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Na mazungumzo ndiyo yaliyozijaza zile saa nne. Daktari wa idara yetu ndiye aliyesimama kando ya tredimili, ndiye aliyedunga, ndiye ambaye jioni angezitundika filamu kwenye taa na kuzisoma. Kati ya picha mbili hakuwa na mahali pa mbali pa kwenda. Alikaa na mgonjwa. Alimuuliza habari za kazi, za nyumbani, za usingizi, na alipoziona filamu jioni tayari alijua ni moyo wa nani.

Namkumbuka mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kupakia na kupakua meli. Fomu yake ilisema ana maumivu ya kifua, lakini mazoezi hayayaleti. Kwenye tredimili alitembea vizuri, picha ya kwanza ikawa na kiza kidogo tu kisichotosha kumshtua mtu. Saa ya pili ya kusubiri, tukiwa tumekaa ukutani kwenye viti vya plastiki, akaniambia, "Daktari, kwenye ngazi sina neno. Kifua kinanibana mwanangu mkubwa akinipigia simu." Nikamuuliza wanazungumza nini. Akasema hawazungumzi, wanagombana, na akikata simu hulazimika kukaa kitako mpaka yapite. Hakuna kisanduku cha habari ile katika fomu yoyote niliyowahi kuijaza. Niliiandika pembeni, kwa mkono, na daktari wake wa moyo akaichukulia kwa uzito unaostahili.

Mwaka 1988 Alan Rozanski na wenzake walitoa utafiti uliolithibitisha jambo la namna hiyo. Waliwachukua wagonjwa 39 wenye mishipa ya moyo iliyobana, wakawapa hesabu za kichwani na kazi nyingine za kusumbua akili, kisha wakawataka wazungumze mbele ya watu juu ya kasoro zao wenyewe. Kamera ilikuwa inatazama moyo muda wote huo, kwa njia ile iliyoanzia Baltimore mwaka 1971. Katika wagonjwa 23 sehemu ya ukuta wa moyo ililegea kwa msongo peke yake, na wengi hawakusikia maumivu yoyote. Jambo lililoleta msukosuko mkubwa zaidi lilikuwa kuzungumza juu ya kasoro zao. Nilipoisoma makala hiyo nilimwona yule mzee na simu yake. Swali zuri la utafiti mara nyingi huanzia mdomoni mwa mgonjwa aliyepewa muda wa kusema, na Rozanski hangeweza kulipata swali lile ndani ya mashine.

Utabibu wa aina hii una babu yake, tena wa mbali kuliko thaliamu. Mwaka 1925, Boston, Herrmann Blumgart alikuwa daktari wa miaka isiyozidi thelathini aliyetaka kujua damu inakwenda kwa kasi gani. Alichukua chumvi yenye mionzi iliyotokana na gesi ya radiamu, akaidunga katika mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili akaweka chombo chenye ukungu ambamo mionzi ikipita huacha mistari.  Kwa mtu mzima mwenye afya, safari kutoka mkono hadi mkono ilichukua sekunde 18 hivi; kwa wenye moyo ulioshindwa ilirefuka. Kabla hajamdunga mgonjwa hata mmoja alikuwa amejiwekea masharti: dawa isiwe na sumu, isiwemo mwilini kabla, iondoke upesi. Kwangu mimi hapo ndipo tiba ya nyuklia ya moyo ilipozaliwa, katika mikono ya mtu ambaye swali, dawa, chombo na mgonjwa vyote vilikuwa vyake.

Mabadiliko makubwa ya siku zangu yalikuja mwishoni mwa 1990, dawa ya sestamibi ilipoidhinishwa Marekani. Iliundwa na wanakemia Alan Davison wa MIT na Alun Jones wa Harvard, kwa teknetiamu, madini ya mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa sita. Sestamibi ina tabia iliyo kinyume kabisa na ya thaliamu: ikishaingia kwenye misuli ya moyo haitoki. Picha ya damu ilivyokuwa wakati wa mazoezi hubaki imegandishwa, unaweza kuipiga saa nzima baadaye, kamera ikipata nafasi. Picha zilikuwa kali, mionzi kwa mgonjwa ikapungua. Kamera zikaanza kumzunguka mgonjwa na kompyuta kuukata moyo vipande kwa vipande. Katikati ya miaka ya 1990 Guido Germano na wenzake wa Cedars-Sinai, Los Angeles, wakatoa programu inayopima nguvu ya moyo bila mkono wa mtu.

Sikubaliani na wanaosema zamani kila kitu kilikuwa bora. Mwanamke mnene ambaye thaliamu ingempa picha ya ukungu alipata jibu la uhakika kwa sestamibi. Asiyeweza kutembea kwa ugonjwa wa magoti alipewa dawa ya kupanua mishipa badala ya tredimili, na tangu 2008 ipo inayodungwa kwa sekunde kumi tu. Maisha yameokolewa kwa njia hizi, nami nimeshuhudia.

Ila dawa ilipoacha kuhama, daktari ndiye aliyehama. Muuguzi anadunga, fundi anapiga picha, na daktari anayesoma yuko jengo lingine, siku hizi hata nyumbani kwake, mbele ya skrini. Anaona moyo usio na mwenyewe. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, tulipangiwa idadi ya picha za kusoma kwa saa, na daktari aliyeinuka kwenda kumwona mgonjwa alionekana anachelewesha foleni. Nililipinga jambo hilo katika vikao, na nilishindwa.

Gharama ya foleni ile ilikuja kuonekana kwenye takwimu, na aliyeziweka hadharani ni Rozanski yuleyule. Mwaka 2013 yeye na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa 39,515 waliopimwa Cedars-Sinai. Mwaka 1991 vipimo vilivyoonyesha kasoro vilikuwa asilimia 40.9. Mwaka 2009 vilikuwa asilimia 8.7. Sehemu ya tofauti hiyo ni habari njema: watu wamepunguza sigara, lehemu na shinikizo la damu vina dawa nzuri. Sehemu nyingine inauma. Tulikuwa tunawapima watu wengi ambao mazungumzo ya nusu saa yangetosha kuonyesha kwamba hawahitaji mionzi yetu. Halafu likaja jaribio la ISCHEMIA, lililotangazwa mwishoni mwa 2019: wagonjwa 5,179 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia na kiza cha wastani au kikubwa kwenye vipimo. Kukimbilia kuzibua mishipa hakukupunguza vifo wala mishtuko ya moyo kuliko dawa peke yake kwanza. Waliopata nafuu dhahiri ni wale waliokuwa wakiumwa kifua mara kwa mara. Kwa maneno mengine, ili ujue picha itamsaidia nani, lazima umuulize anaumwa vipi.

Niliziona saa nne zikirudi mara moja, tena kwa balaa. Teknetiamu huzaliwa na molibdenamu, na molibdenamu ya dunia nzima ilikuwa ikitoka katika vinu vichache vya nyuklia, vyote vikongwe. Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilivuja na kufungwa kwa zaidi ya mwaka. Februari 2010 kile cha Petten, Uholanzi, kikafungwa nacho kwa matengenezo. Molibdenamu haiwekwi akiba, kwani baada ya saa 66 hubaki nusu yake. Jumatatu moja asubuhi jenereta, chombo chenye molibdenamu tunachokamulia teknetiamu, haikufika. Tulizoea kuipokea katika ganda lake zito la risasi, tukaikamua: chupa ya maji ya chumvi upande mmoja, chupa tupu isiyo na hewa upande wa pili, na kimiminika cheupe kama maji kikajitiririkia chenyewe, tayari kwa wagonjwa wa siku hiyo. Asubuhi ile meza ilikuwa wazi. (Mwafrika mwenzangu ajue kwamba kinu cha SAFARI-1, Pelindaba, Afrika Kusini, ni miongoni mwa vilivyoibeba dunia katika miezi ile, na mwaka 2010 kikawa cha mbele kabisa katika kutoa molibdenamu kwa wingi kutokana na urani isiyofaa kwa mabomu. Hilo halitajwi inavyostahili.)

Thaliamu hutengenezwa kwenye saiklotroni, haihitaji kinu, basi tukairudia. Madaktari vijana waliokuwa hawajawahi kuigusa walilazimika kuwaambia wagonjwa wakae wasubiri, nao wakakaa nao. Kijana mmoja alinijia na daftari limejaa mambo aliyoambiwa kwenye viti vya kusubiria, akiuliza kama yanaweza kuwa mada ya utafiti. Mawili yaliweza. Agosti 2010 Chalk River ilipofunguliwa, jenereta zikarudi, na ratiba ikarudi ilivyokuwa.

Kuna habari nyingine inayonikosesha raha kuliko hiyo. Mwaka 1974, Dallas, Frederick Bonte, Robert Parkey na wenzao waligundua kwamba pairofosfeti ya teknetiamu, dawa ya kupimia mifupa, hung'aa kwenye misuli ya moyo iliyokufa kwa mshtuko siku chache zilizopita. Ilitumika sana, kisha vipimo vya damu vikawa vyepesi zaidi, ikaachwa. Lakini mwaka 1982 na 1983 makala zilitoka zikionyesha mioyo iliyong'aa bila mshtuko wowote. Ilikuwa mioyo iliyojaa amiloidi, protini inayojikunja vibaya na kujilundika kati ya nyuzi za misuli mpaka moyo unakuwa mgumu kupanuka. Robert Falk alikuwa mmoja wa waandishi wa makala hizo. Ugonjwa haukuwa na dawa, na picha zile zikabaki kuwa maajabu ya kuonyeshana kwenye mikutano.

Mwaka 2005 madaktari wa Bologna, Italia, wakiongozwa na Enrica Perugini, walitumia dawa ya mifupa iliyo ndugu yake na kutenganisha aina mbili za amiloidi ambazo matibabu yake hayafanani kabisa. Mwaka 2016 Julian Gillmore wa London na wenzake wa nchi nyingi walionyesha kwamba picha hii, ikiambatana na vipimo vya damu na mkojo visivyo na protini za uboho, inatosha kuutambua ugonjwa bila kunyofoa kipande cha moyo. Kutoka 1983 hadi 2016! Katika miaka hiyo wazee wangapi waliambiwa kwamba moyo wao umechoka tu kwa umri au kwa shinikizo la damu? Aina moja ya kurithi ya ugonjwa huu ina chimbuko Afrika Magharibi, na jeni yake hubebwa na watu 3 hadi 4 katika kila 100 miongoni mwa Wamarekani weusi. Nilisoma picha za watu hao maisha yangu yote ya kazi. Tulikuwa na kamera, tulikuwa na dawa, na bei ya kipimo ilikuwa ndogo.

Dalili yenyewe haikujificha. Amiloidi hii mara nyingi huanzia viganjani, ikibana neva kwenye kifundo cha mkono, pengine mikono yote miwili, miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa mkono kwa daktari mmoja, akaja kwa moyo kwa daktari mwingine, na hakuna aliyeyaunganisha. Mtu aliyekaa naye saa nzima angeliona kovu.

Siku hizi pairofosfeti imerudi kwa kishindo, na picha hupigwa baada ya saa moja au tatu. Nimestaafu nusu, lakini siku za pairofosfeti huenda mwenyewe kwenye viti na kuomba kuona mikono. Vijana wa idara wameanza kufanya hivyo nao, bila kuamriwa na ratiba. Wenzangu wa Dar es Salaam na Nairobi wakiniuliza juu ya kipimo hiki, nawaambia waanze na swali la mikono, na wahakikishe dawa ya mifupa waliyo nayo ni ya aina inayofaa kwa moyo, kwa sababu ile ya MDP, iliyozoeleka mahali pengi, haitegemeki kwa kazi hii.

Dawa ya kwanza ya kuuzuia ugonjwa huu moyoni, tafamidis, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa bei iliyotangazwa ya dola 225,000 kwa mwaka mmoja. Nimewahi kumwonyesha mgonjwa wa ile aina ya kurithi picha ya moyo wake unaong'aa kama mbavu zake, kisha tukatumia wiki nyingi kujaza fomu za bima ili aipate. Aliipata. Binti yake, aliyekuwa akimleta kila mara, aliniuliza kama na yeye apimwe damu. Nikamwambia ndiyo, na mdogo wake pia, kwa maana kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi jeni yenyewe. Picha ya moyo inaweza kungoja mpaka umri ufike. Akaniomba niyaandike majina ya vipimo hivyo kwenye karatasi, ampelekee mdogo wake jioni hiyohiyo.